Injini ya Mashoto

Kamau, rafiki yangu,

Boneti haifungi. Nakwambia hilo kwanza kwa sababu ndilo ungeliona kwanza, kabla hata ya kunisalimu. Injini niliyoweka ni ndefu kuliko ile ya zamani, kwa hiyo boneti nimeitoa na kuiegemeza ukutani kwako Mugutha, na gari lako la spoti sasa linatembea kifua wazi. Kasirika basi. Ukimaliza, endelea kunisikiliza, maana binti yako Wambui ameolewa na nina mengi ya kukueleza.

Najua ulivyosema. Ulisema tangu siku ile Mzungu wa shamba la kahawa alipoipasua injini kwa kuendesha bila maji, akakuambia ukitaka kulikokota gari ulikokote, ni lako. "Hili litatembea na injini yake ama lilale." Tulikucheka gereji nzima pale Thika. Gari lenyewe viti viwili, mlango mfupi kama wa banda la sungura, na mbele hakuna kitu. Kuku wa Mama Wambui akaanza kutagia mahali pa injini. Nawe ukawa unauliza kila dereva aliyetoka Nairobi kama amesikia injini ya aina ile mahali popote, na kila dereva akawa anatikisa kichwa.

Lakini ulikuwa umesema na jambo la pili, Wambui akiwa bado wa kupakatwa. Ulimwambia siku ya harusi yake atatoka nyumbani ndani ya gari hilo. Ukamwambia tena na tena, mpaka mtoto akakua akilijua hilo kama anavyojua jina lake. Halafu mvua ndefu ikaja, kifua kikakushika, ukatutoka, ukaniachia maneno yako mawili yanayogombana.

Mchumba alipopatikana, watu wa upande wake walisema tusisumbuke, wanaweza kuazima gari zuri la milango minne. Mama Wambui akanitazama mimi. Wambui hakumtazama mtu yeyote. Alisema tu, "Kama la Baba halitatembea, nitaenda na miguu. La watu sipandi." Unamjua. Ukaidi ule hakuutoa kwa mama yake.

Basi nikashika neno ulilompa yeye, lile lingine nikaliacha. Sijutii, na hata ungekuwa hapa tungegombana mchana kutwa na bado ningefanya hivyo.

Injini niliipata kando ya mto kule Ruiru, kwenye shamba ambako ilikuwa ikivuta maji ya kuoshea kahawa. Siku hizi wameweka pampu ya stima, waya tu na swichi, na hii wakaitupa kwenye nyasi. Nyapara alifurahi kuiona ikiondoka. Nilipima urefu, nikapima matundu ya bolti, nikakata sahani ya chuma ya kuiunganisha na gia boksi. Kila Jumamosi mchana nilitoka kwangu Kamenu na baiskeli, vyombo vya kazi vimefungwa nyuma, na Mama Wambui akinipokea na chai kabla sijauliza. Siku hizi hata pasi, zile karatasi za ruhusa ya kusafiri, askari hawaziulizi sana njiani, kwa hiyo nilifika mapema.

Nilifanya kazi nikisimama upande wa kulia wa injini. Hiyo tabia haijanitoka. Miaka yote wewe Mashoto, mtu wa mkono wa kushoto, ulikuwa kushoto, spana yako ikiingia mahali mkono wangu haufiki, na yangu ikiingia mahali wako haufiki. Safari hii bolti za kushoto nilizifunga kwa kujikunja na kutukana. Kuna wakati nilinyoosha mkono bila kutazama, nikingoja unipe spana namba kumi na tatu kama kawaida yetu. Nilikaa vile, mkono hewani. Ilibidi niende kunawa uso.

Sasa sikia upumbavu wangu. Niliona kitu nikakipuuza. Hendeli ya kuiwasha ile injini ilizungushwa kuelekea kushoto. Hendeli za magari yote tuliyowahi kuyawasha unazungusha kulia, lakini hii ukiilazimisha kulia inakaa kimya kama ng'ombe aliyelala. Nikasema labda ndivyo pampu zilivyo. Iliponguruma nikafurahi sana, na mtu akifurahi hivyo hafikirii. Mimi, fundi mzima, sikujiuliza kama injini inazunguka upande huo magurudumu nayo yatazunguka upande gani.

Siku moja kabla ya harusi niliketi, nikakanyaga klachi, nikatia gia ya kwanza, nikaachia polepole. Gari likarudi nyuma. Nikatia ya pili, likarudi nyuma kwa haraka zaidi, likaangusha ua wa Mama Wambui na kusimama katikati ya migomba. Nikajaribu zote. Zote nyuma. Mwishowe, kwa hasira tu, nikatia rivasi, na gari likaenda mbele, polepole, likilia kama mtoto aliyeamshwa.

Ungecheka mpaka ukae chini. Dawa yake unaijua, ni kugeuza difu kwenye ekseli ya nyuma ili magurudumu yazunguke upande mwingine, lakini si kazi ya jioni moja, wala si kazi ya mtu mmoja.

Wambui alikuja akaona ua uliolala chini. Nilimwambia wazi. Lina gia moja tu ya kwenda mbele, nikasema, na mwendo wake ni wa mtu anayetembea, na kama anataka, lile la milango minne bado lipo. Aliniomba niliwashe alisikie. Nikashika hendeli kwa mkono wa kushoto, kwa kuwa huo ndio mkono mwepesi ukizungusha upande ule, na injini ikawaka mara moja.

Aliutazama mkono wangu. Unakumbuka hendeli zilivyokuonea? Zote zimetengenezwa kwa watu wa kulia, na moja ilikutegua kifundo cha mkono, ukaja gereji umefungwa kitambaa bado unabishana nayo. Wambui anakumbuka. Alisema kwa sauti ndogo, "Baba mdogo, hii ingewaka kwa Baba." Kisha akalia, nami nikalia naye, na injini hatukuizima.

Basi tulitoka Mugutha asubuhi kwa gia ya rivasi. Nilikuwa nimevaa koti lako, mkewe alinilazimisha. Nasema mkewe kama tunavyokutaja siku hizi, nataka kusema mkeo. Wambui kando yangu na gauni lake jeupe, akina mama mbele, nyuma na pande zote, ngemi, vigelegele vyetu, zikipigwa mpaka mlio wa gia haukusikika. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu. Nilidhani watu watauliza fundi gani huyu anampeleka bibi harusi kwa mwendo wa konokono. Hakuna aliyeuliza. Wewe unajua msichana wetu hutolewaje kwao. Hatolewi mbio. Anatoka akijivuta, kila hatua ikionyesha nyumbani kwa baba yake palikuwa pazuri.

Na mama yako, Kamau. Wambui mkubwa. Gari lingekuwa zima lingemwacha mlangoni kwake, kwa sababu viti ni viwili tu. Mwendo wetu ulikuwa mwendo wake. Aliweka mkono juu ya mlango mfupi, kando ya mjukuu aliyepewa jina lake, na akatembea hivyo mpaka Ruiru, kanisani. Redieta ilipochemka tukasimama kuongeza maji, naye akasimama, mkono pale pale. Nilimsikia akiwaambia wenzake, "Huyu ametoka kwao na heshima. Hawa wengine wa siku hizi wanatoka mbio ni kama wamefukuzwa." Nilitazama mbele kwa bidii sana, kwa maana macho yalikuwa yamejaa.

Tulichelewa. Bwana harusi alikuwa amesimama nje ya kanisa akikunja na kukunjua kitambaa chake. Wambui alishuka, akapiga ubavu wa gari mara moja kwa kiganja, kama ulivyokuwa ukifanya wewe ukimaliza kazi, akaingia na nyanya yake.

Baada ya ibada waliondoka na lile la milango minne, na hiyo ni haki yao, ameshakuwa wa kwao. Mimi nilikuwa na gari na njia tupu ya kurudi, na gia zote za mbio zikiwa za nyuma. Unadhani nilifanya nini? Niligeuza shingo na kulikimbiza kinyumenyume mpaka Mugutha. Askari alinisimamisha, akalizunguka gari, akarudi mbele, akaenda tena nyuma, hakujua aniombe leseni upande upi. Nilicheka peke yangu njia nzima. Ni mara ya kwanza tangu tukuzike.

Gereji wananiambia nigeuze difu, gari liwe gari. Wako tayari kunisaidia. Nimekataa, na kwa hili nakupa neno langu. Mdogo wake Wambui, Njeri wako, bado yuko shuleni. Siku yake ikifika nitampeleka kwa gia hiyo hiyo, na mama yako akiwa na nguvu bado atashika mlango, na asipokuwa nazo mkeo ataushika. Njeri akishashuka kanisani, hapo nitageuza difu, nitatafuta namna ya kufunga boneti, na ile injini yako ikionekana popote nitaiweka kama ulivyotaka.

Hiyo kazi nitaifanya nikisimama kulia. Lala vizuri, Mashoto. Upande wako hakuna anayesimama.

Mimi wako,
Gitau