Ufa Niliouziba Kabla ya Picha

4 Mei

Mdogo wangu Kimya,

Habari za huko? Goti la mama linaendeleaje? Mimi sijambo, na shemeji yako hajambo, yuko barabarani na lori lake kama kawaida.

Sasa tulia usome. Kile kijengo cha kliniki nyuma ya soko, kilichofungwa miaka kumi na moja, wakubwa wa afya wanafikiria kukifungua. Wakikifungua, nimeomba muuguzi wa kuletwa hapo niwe mimi. Miaka sita nawapima presha mama za watu, mama yangu anapimwa na nani? Lakini mhandisi wao anasema kijengo kimechoka, kibomolewe, na wakibomoa hawajengi kingine. Nimembembeleza aone picha kwanza.

Kondakta aliyekuletea mfuko huu amebeba kamera ya shemeji yako. Filamu ina picha thelathini na sita. Piga nje, piga ndani, kuta zote. Ukiitia mchanga tutaachika wote wawili.

Ufunguo uko kwa mlinzi wa soko. Najua unaogopa watu. Sema neno moja tu: "Ufunguo." Hata wewe huwezi kushindwa.

Dada yako

16 Mei

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Goti la mama linauma asubuhi, ikifika jioni linasahau. Naandika polepole, mkono wangu umezoea brashi sio kalamu.

Ufunguo nilipata. Nilisimama mbele ya mlinzi mpaka akaniuliza mwenyewe, "We fundi rangi, umekuja kunipaka mimi?" Kufuli lilikuwa na kutu, tukalinywesha mafuta likakubali.

Vyumba ni viwili na baraza. Nilidhani nitaogopa, lakini kule ndani kumenyamaza kama mimi, tukaelewana. Ndoano ya mizani ya watoto bado inaning'inia kwenye boriti. Benchi la wajawazito limeingia mabonde kwa kukaliwa. Ukutani kuna alama za urefu wa watoto, zimepandana kama ngazi. Mbayuwayu wamejenga juu ya dirisha, wanapita kwenye kioo kilichovunjika bila kugusa hata kidogo. Niliwaangalia muda mrefu ndipo nikakumbuka kupiga picha.

Picha ya saba ni mbuzi. Alikuwa amelala chumba cha sindano, akakataa kutoka. Picha ya kumi na mbili ni mawingu. Nilikuwa narudi nyuma ili jengo lote lienee nikatumbukia mtaroni. Kamera niliinyanyua juu, mimi peke yangu ndiye niliyelowa. Mwambie shemeji.

Halafu dada, sikutaka wakubwa waone jengo letu chafu. Mtu akitaka kukupiga picha si unanawa uso? Kabla ya kupiga nilifagia, nikaosha kuta, nikaziba ufa mmoja wa ukuta wa nyuma na mwingine wa nguzo ya baraza, nikavuta rangi juu yake. Pamependeza! Huwezi kujua palikuwa na ufa.

Filamu nimempa kondakta yule yule.

Mdogo wako

29 Mei

Wewe Kimya!

Salamu nyingi kwa mama. Kwako nimebakiza moja, nayo naitoa kwa shida.

Picha nilizipeleka kwa mhandisi huku nimenyoosha shingo. Akazipanga mezani, akacheka kwa mbuzi, nikasema tumeshinda. Mara akainua picha ya ukuta wa nyuma. "Jengo la miaka kumi na moja bila mtu, lina ukuta usio na ufa? Na rangi mbichi? Muuguzi, unanificha nini?" Nikatamani ardhi inimeze. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe umeziba ufa, na ukuta ndio wanataka kuubomoa!

Atakuja mwenyewe tarehe nane. Asiporidhika anasaini kibomolewe siku hiyo hiyo, na mimi nabaki huku. Siwezi kupata ruhusa ya kuja. Mama atakuwepo, lakini aliyeziba ni wewe, kwa hiyo atakayesema ni wewe. Sitaki kusikia ulijificha nyuma ya ngazi yako ya kupakia rangi.

Usilie. Picha ya mbayuwayu nimeibandika juu ya kitanda changu.

Dada yako

9 Juni

Dada,

Shikamoo. Mama anakusalimu, sauti imemkauka kwa kupiga vigelegele. Ngoja nieleze.

Mhandisi alikuja jana, mtu mrefu, viatu safi. Akauliza, "Nani kaziba hapa?" Mlinzi akaangalia juu. Mama akaniangalia mimi. Nikanyoosha mkono kama darasani, na darasani sikuwahi kunyoosha.

"Ulikuwa unaficha nini?"

"Uchafu," nikasema. Mama akaguna.

Nikaona maneno hayatoshi. Nikachukua chuma cha kukwangulia, nikabandua lipu yangu yote ukuta wa nyuma mpaka ufa ukatoka. Nikamwambia, "Bwana, chungulia ndani." Ndani ya ufa kuna rangi ya kijani, ile ya zamani, imeteremka mpaka chini. Maana yake ulipasuka kabla hawajapaka mara ya mwisho. Ungekuwa umetanuka baadaye, rangi ingechanika katikati na tofali lingeonekana. Haijachanika. Ule ukuta ulishamaliza kutembea kabla kliniki haijafungwa.

Akapitisha kucha, akawasha tochi, akatazama sana. "Hili uliliona lini?"

"Siku ile ile ya kuziba."

"Na hukusema?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mlinzi alicheka mpaka akakaa chini. Mhandisi akasema haya, nguzo nayo? Nikakwangua. Mle ndani tofali jeupe, kavu, halina rangi. Mama akanifinya mgongoni ninyamaze. Lakini dada, utakaa wewe chini ya baraza lile. Nikasema, "Huu ni mpya. Nguzo hii ivunjwe."

Akaniangalia. Akasema, "Sasa na ule wa kwanza nakuamini." Akazunguka msingi wote, akapanda darini, kisha akaandika: nguzo ijengwe upya, jengo libaki. Nilimwomba arudie kusoma. Akarudia.

Mdogo wako

2 Julai

Mdogo wangu,

Mmeamkaje huko? Mimi sijalala, sijui kama huo ni uzima au ugonjwa. Barua ya uhamisho ninayo mkononi. Shemeji yako anasema lori halichagui mji, tunahama. Tarehe ishirini nitapanda basi la asubuhi.

Mhandisi ameniuliza kama yule kijana asiyesema anapatikana kwa kazi. Nimemjibu anapatikana, ila amuulize maswali.

Dada yako

20 Julai, mlangoni pa kliniki

Dada, shikamoo.

Mimi na mama tumekwenda stendi kukupokea. Kama tumepishana njiani, utusubiri hapa hapa. Usiegemee mlango, wala nguzo, wala dirisha, nimevipaka leo asubuhi. Simama katikati. Tunakuja mbio.

Mdogo wako