Nilikwenda kupimwa tumbo, nikatengeneza lifti

Mpendwa mshauri, nakuandikia nikiwa na siku kumi na mbili tu mkononi, na naomba unijibu kabla hazijaisha. Mimi si mtu wa kusumbua watu, nina miaka arobaini na mbili, nilimaliza kidato cha nne, nina kazi na mke, na nina daftari ninaloandika kila siku kabla ya kulala, tarehe juu na mambo chini yake, na katika madaftari yote hayo tangu nilipoajiriwa hakuna uongo hata mmoja, ndiyo maana hili linanikaba, kwa sababu sasa daftari linasema kitu kimoja na mke wangu anajua kingine.

Kazi yangu ni fundi wa lifti na uzito wangu ni kilo mia moja hamsini na moja. Ndani ya lifti nyingi kuna kibao kinachosema watu wanane, kilo mia sita, na siku moja fundi mwenzangu alipiga hesabu kwa kidole ukutani akaona kila mtu amepewa kilo sabini na tano, basi tangu hapo kazini naitwa Watu Wawili, na nikiingia kwenye lifti yenye abiria yeye huwatangazia, "Wamebaki sita tu, jamani." Mimi hucheka kwa sababu anachekesha. Kisichochekesha ni kile kimlango cha dharura kwenye dari ya lifti, ambacho mwaka jana mwezi wa kumi nilikwama ndani yake kiunoni, nusu juu nusu chini, dakika ishirini na tano nimeziandika, na abiria wawili wakiwa chini yangu wanatazama soksi zangu, na baada ya hapo msimamizi akaniweka mezani kupokea simu za malalamiko. Ukiongeza sukari na magoti, daktari akashauri upasuaji wa kupunguza tumbo, na mke wangu akakubali kabla mimi sijakubali.

Sikujua kwamba kabla ya kukatwa, mtu hupekuliwa kama begi la mpakani. Nanakili kutoka kwenye daftari ili nisikosee. Tarehe 6 mwezi wa pili, Alhamisi: "Damu, chupa saba. Muuguzi anasema mshipa wangu una aibu." Tarehe 12, Jumatano: "Nyaya kifuani. Moyo uko sawa. Nimesikitika kidogo." Tarehe 19: "Nimelala na mashine puani. Nakoroma, lakini wanasema hilo lina dawa." Tarehe 25, Jumanne: "Mama wa saikolojia kaniuliza kama nakula nikiwa na huzuni. Nikamwambia hata nikiwa na furaha nakula. Kacheka, kanipitisha." Kikabaki kipimo kimoja, cha kamera, ambapo mpira mwembamba unaingia mdomoni, unapita kooni na kushuka mpaka tumboni ili daktari aone kulivyo. Mshauri, mimi maisha yangu yote nimeshusha nyaya kwenye mashimo ya ghorofa kumi na mbili bila kutetemeka, lakini nilipoelezwa hayo nikaona kwamba zamu hii shimo ni mimi.

Basi Jumanne tarehe 4 mwezi wa tatu nilikwenda, sijala tangu jana yake kama nilivyoagizwa, nikakaa kwenye benchi ghorofa ya pili, wa tatu kwenye foleni, na yule wa kwanza alipoingia nikamsikia kupitia mlangoni anakohoa na kutaka kutapika, muuguzi anamwambia, "Pumua, mzee, pumua puani, tumeshafika," nami nikamwambia jirani yangu wa benchi kwamba natoka kidogo kujisaidia. Kule kwenye korido nikakuta lifti ya wagonjwa mlango wake unafunga nusu, unarudi, unafunga nusu, unarudi, na mzee mmoja wa koti la buluu, ambaye ndiye anayeiendesha, anausukuma kwa teke. Mlango kama huo mimi siwezi kuupita. Nikamuomba bisibisi. Ulikuwa ni uchafu tu, kizibo cha soda kwenye reli ya mlango, kazi ya dakika kumi, lakini mimi nilikaa pale saa mbili nzima, nikasafisha reli, nikapaka grisi, nikapanda ghorofa moja moja kukagua milango yote, na jina langu nililisikia likiitwa mara mbili, kisha saa sita foleni ikafungwa.

Njiani kurudi nilipanga kumwambia mke wangu kwamba wameahirisha. Nilipofungua mlango nikakuta ameomba ruhusa kazini, amepika supu akaipooza, amenitandikia kochi na mto wangu uko pale, akaniuliza, "Imekuwaje, baba?" nami nikasema, "Imepita," kwa sauti ya kukwaruza ambayo sikuipanga, ilitoka yenyewe. Ikabidi niendelee nayo siku mbili. Supu asubuhi, supu jioni, nikapungua kilo moja na nusu.

Kama yangeishia hapo nisingekuandikia. Mama mkwe wangu anaishi nasi, na kwa miaka mitatu tumbo linamuunguza na amekataa kipimo hichohicho kwenye hospitali hiyohiyo, binti yake amembembeleza mpaka amechoka. Siku ya pili ya sauti yangu akaja akakaa pembeni ya kochi akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, niambie ukweli, linaumaje lile dude?" Nikamwambia, mama, ni kama kumeza tambi moja ndefu, unahesabu mpaka mia, imekwisha. Akanitazama shingo akasema, "Kama limepita humo, kwangu litakwama wapi," na kesho yake akaomba apangiwe siku, ikawa Alhamisi tarehe 13, na kwa kuwa mke wangu alikuwa zamu, aliyemsindikiza ni mimi.

Tukaingia kwenye lifti, na yule mzee wa koti la buluu aliponiona akafurahi kama ameona mwanawe. "Fundi," akasema, "tangu ile Jumanne uliyotufanyia kazi asubuhi nzima, mlango haujagoma hata mara moja." Mama mkwe akamwangalia yeye, kisha akaniangalia mimi. Akaingia chumba cha kipimo kwa miguu yake, akapimwa, akatoka macho mekundu, na tulipokuwa tunashuka akaniuliza taratibu, sauti yake ikikwaruza kweli, "Ile dawa wanayokupulizia kooni, yako ilikuwa na ladha gani?"

"Tamu kidogo, mama."

"Yangu chungu, na ulimi ukafa ganzi. Na lile pete la plastiki wanalokung'atisha?"

Nikasema silikumbuki vizuri.

"Mwanangu," akasema, "ile Jumanne wewe ulitengeneza mlango." Mzee wa koti akaangalia juu kwenye namba za ghorofa. Tulipofika nje mama akaniambia hatanisema, lakini kwa masharti: "Nakupa mpaka tarehe ishirini na nane umwambie mkeo. Baada ya hapo nitaongea mimi, na unajua mimi nikianza sina breki." Kipimo kimemkuta na kidonda kidogo tumboni, amepewa dawa, anaendelea vizuri, na mezani ananipakulia kama kawaida, ndiyo inaniua zaidi.

Jumatatu tarehe 31 nakutana na daktari wa upasuaji, na faili langu halina karatasi ya kamera, na bila hiyo nafasi yangu anapewa mwingine. Nimefikiria niende kimyakimya kupimwa kabla ya tarehe 28, ili "imepita" iwe kweli, tofauti iwe tarehe tu. Tena uongo wangu umemsaidia mama. Lakini kila nikishika simu kuomba siku nyingine, mkono unakuwa mzito. Nifanye nini?

Watu Wawili

*

Ndugu Watu Wawili,

Pole, na umfikishie mama mkwe wako pole ya koo lake, maana katika barua yote yeye ndiye mgonjwa aliyepimwa.

Tuanze na hilo. Usijivunie kwamba uongo wako umemsaidia. Mama mtu mzima, mwenye maumivu ya miaka mitatu, alikuuliza jambo analoliogopa, ukamjibu kwa kutunga tambi. Akaingia mle akitegemea kuhesabu mpaka mia, akakutana na dawa chungu na pete la plastiki ambavyo hukumtajia, na hakukimbia. Aliyemsaidia mama ni mama mwenyewe. Wewe ulimfungulia mlango, kama kawaida yako.

Mpango wako wa kwenda kimyakimya uufute. Wewe unaandika tarehe za kila kitu, unajua fika kwamba tarehe ikibadilishwa, habari yote imebadilishwa. Na utarudi kwa yule mke aliyeomba ruhusa kazini akakupoozea supu, umdanganye mara ya pili kwa sauti halisi? Hapana. Mwambie. Usimwandikie ujumbe kwenye simu, usimtume mama yake. Kaa kwenye kochi hilohilo umwambie: niliogopa, nikakimbia, nikatengeneza lifti ya hospitali. Atakasirika. Muda fulani baadaye atacheka, na akicheka usicheke kwanza, subiri akuruhusu.

Sasa woga. Kuogopa kitu kinachoingia kooni ni akili timamu, na wauguzi wa kitengo kile wanakutana nacho kila siku. Lakini woga wako hujawahi kuupeleka panapohusika. Umemficha mke, umemficha daktari, umemwambia jirani wa benchi unakwenda kujisaidia. Piga simu kitengo cha vipimo, useme wazi kwamba mara ya kwanza ulitoroka. Waulize kama kwa uzito wako na kukoroma kwako unaweza kupewa dawa ya kukutuliza, hilo ni lao kuamua na si langu. Waombe pia wakuonyeshe huo mpira kabla haujaingia. Wewe ni fundi, ukishaona kifaa kinavyofanya kazi hutakiogopa sana. Na yule mzee aliyekuwa anakohoa hukusubiri kumuona akitoka. Ungesubiri, labda ungemuona anafunga vifungo vya shati na kuuliza chakula kiko wapi.

Lakini ndugu yangu, kuna sentensi moja umeinakili kutoka kwenye daftari lako na ukaipita kama huioni. "Moyo uko sawa. Nimesikitika kidogo." Nimeisoma mara tatu. Mtu anaambiwa moyo wake mzima, anasikitika? Nafikiri ulikuwa unaomba kipimo kimoja kikukatae. Damu haikukukataa, moyo haukukukataa, usingizi ulikoroma ukapita, hata mama wa saikolojia alicheka akakupitisha. Kilibaki kimoja, na ukikipita hicho, unabaki wewe na kisu. Ndipo ukaona kizibo cha soda.

Mke wako alikubali kabla yako, umeandika mwenyewe. Wewe ulikubali lini? Nimetafuta tarehe hiyo katika barua yako sijaiona. Basi jua hivi: kupimwa si kutia sahihi. Unaweza kupimwa wiki hii, na tarehe 31 ukakaa mbele ya daktari, ukamuuliza maswali yako yote, ukasema ndiyo, au bado, au hapana, na hakuna atakayekufunga kamba. Lakini mpime kwanza huyo mgonjwa, yaani wewe mwenyewe. Wewe usingeruhusu abiria hata mmoja kupanda lifti ambayo shimo lake halijakaguliwa, na ungemfukuza fundi anayeandika "imekaguliwa" bila kufungua. Tumbo lile lina kazi ya kukubeba miaka mingine arobaini. Kama kuna kidonda mle ndani kama cha mama mkwe, daktari akijue kabla hajashika kisu, si baada ya hapo.

Kwa hiyo: leo jioni mke. Kesho asubuhi simu hospitalini, kabla mkono haujawa mzito. Usingoje tarehe 28. Ile ni siku ya mwisho uliyopewa, haikukusudiwa kuwa siku ya kuanzia. Jioni ukimaliza, fungua daftari uandike yote mawili na saa zake, na chini yake andika, kwa mara ya kwanza, kama wewe mwenyewe unautaka upasuaji huu.

Siku ya kipimo muombe mama mkwe akusindikize. Ameshapita njia hiyo, atakueleza ladha ya ile dawa bila kuongeza sukari, na kwa jinsi ninavyomuona, hakuna kujisaidia kutakakochukua saa mbili akiwa kwenye benchi. Mtapanda lifti, kwa sababu ya magoti yako na umri wake. Mlango ukigoma, mwache mzee wa koti la buluu aupige teke. Wewe shuka ghorofa ya pili ukakae ulipoelekezwa.