Kikombe kimoja kwa siku

Ubah, laiti ungekuwepo leo!

Barwako kasimama kwenye harusi ya bintiye, hapa Garsen, akajisifu eti yeye ndiye aliyemlea wifi yake Bishara tangu apooze miguu. Eti alimlea!

Bishara akamjibu palepale kwenye kiti chake cha magurudumu: "Wifi, mwaka tisini na nane nilikuwa najikojolea. Nesi akakuachia daftari uandike kila ninachokunywa. Ukaandika kwa fahari: kikombe kimoja kwa siku! Ulininyima maji nisiloweshe mkeka wako. Nesi akakwambia kiu ndiyo iliyokiharibu kibofu changu: mkojo mzito ulikichoma, nikazidi kujikojolea."

Bishara akanyoosha gilasi tupu. "Niongeze maji."

Barwako akaenda kuchota, Ubah! Mbele ya wakwe wapya!

Bishara akanywa taratibu, akamaliza, akainyoosha tena.