Gari la Mikate na Choki Iliyovutwa

MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Dawati la Ajali

Jina: anayefahamika na wote kama Fundi Sikio
Umri: miaka 52
Kazi: fundi wa injini za dizeli
Makazi: nyuma ya gereji yake, mtaa wa soko la mbao

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nasema haya kwa hiari yangu. Asubuhi ya leo nilitoa maelezo mengine hapa hapa. Yale yana uongo, naomba haya yasomwe badala yake.

Mnamo tarehe 4 mwezi huu, saa nne asubuhi, shemeji yangu, aliyemwoa mdogo wangu wa kike, aliniletea gari lake la zamani la dizeli, analosambazia mikate. Mkanda wa injini ulikuwa umechakaa, nikaubadilisha. Ukishabadilisha mkanda huo ni lazima upime taiming, yaani pampu inasukuma dizeli wakati gani pistoni ikipanda. Ikiwahi, injini inagonga. Ikichelewa, gari linatoa moshi mweupe na nguvu zinakwisha. Unapachika saa ya kupimia nyuma ya pampu, unazungusha injini kwa mkono mpaka alama zikutane, unasoma mshale. Kwa gari lile mshale unatakiwa kusimama kwenye tisini. Usiposimama hapo, unalegeza pampu na kuizungusha kidogo kidogo.

Sasa, chini ya usukani kuna choki, kishikio cha kuvuta asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ukiivuta, inaiwahisha pampu. Kwa hiyo kabla ya kupima ni lazima irudishwe ndani. Hilo hata mwanafunzi wa wiki moja analijua. Mimi sikuangalia. Nilikuwa namsimulia shemeji kisa cha mteja aliyeleta gari bovu kumbe halina mafuta, na tulikuwa tunacheka. Mshale ulipita tisini kwa mbali. Nikasema, "Kumbe pampu yako ina haraka kuliko mwenyewe." Nikaichelewesha mpaka tisini, nikakaza boliti. Choki ilikuwa imevutwa muda wote.

Siku mbili baadaye shemeji alirudi. Alisema, "Shemeji, asubuhi linakwenda vizuri tu, lakini nikirudisha choki linakuwa zito. Kilima cha machimbo linapanda kwa kuombewa."

Fundi yeyote akisikia maneno hayo ugonjwa ameshaujua. Mimi nilikuwa nimelala chini ya lori na sikutaka kutoka. Nikamjibu kutoka huko huko, "Wewe kanyaga mafuta, acha uoga. Mkanda mpya huo, litazoea." Alicheka kwa heshima, akaondoka. Watu wananiita Sikio kwa kuwa nasikia ubovu wa injini nikiwa ng'ambo ya barabara, na jina hilo limenivimbisha kichwa miaka mingi.

Jana, saa moja na nusu asubuhi, kwenye kilima hicho, shemeji alitaka kulipita lori la kokoto. Alipofika ubavuni mwa lori, gari likagoma kuongeza mwendo. Kijana wa pikipiki aliyekuwa anashuka akamkwepa, akaingia mtaroni. Amevunjika nyonga. Shemeji akawekwa mahabusu kwa kuendesha kizembe, ingawa alisema gari lilikosa nguvu. Hakumtaja fundi aliyelitengeneza.

Leo saa tatu konstebo alinifuata gereji nije kulikagua gari. Hakuniuliza kama niliwahi kuligusa, nami nikajitia hamnazo. Kabla boneti haijafunguliwa nilikuwa nimeshajua tutakachokuta. Nikaingia upande wa dereva kana kwamba natafuta kitu, nikaivuta choki. Nikapachika saa ya kupimia, nikazungusha injini mpaka alama zikakutana, konstebo akainama kuitazama. Mshale ukasimama tisini barabara.

Akauliza, "Ndivyo inavyotakiwa?"

Nikasema, "Ndivyo."

Akaandika kwamba injini haina hitilafu, nami nikasaini. Nilisaini bila kusita, na hilo linanitisha mpaka sasa.

Nilipotoka, mdogo wangu alikuwa kwenye benchi la mapokezi. Alinishika mikono yote miwili, akasema, "Asante, kaka. Najua si rahisi kusema kweli juu ya mtu wako." Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Nikaruhusiwa kumwona shemeji. Nilidhani atanilaumu, na nilikuwa nimeandaa majibu. Yeye akasema, "Kama wewe umesema ni zima, basi ni zima. Kosa ni langu. Nimemvunja mtoto wa watu kwa pupa zangu, halafu nikasingizia gari." Alikuwa analia. Sijawahi kumwona akilia, hata kwenye msiba wa baba yake. Nikamwambia, "Vumilia," nikatoka haraka.

Nilifika getini, nikashindwa kupita. Marehemu mama alikuwa akisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia pale. Askari wa zamu aliniuliza kama naumwa. Nikamwambia nirudishwe dawatini.

Naomba gari lipimwe upya na fundi mwingine, choki ikiwa imerudishwa ndani. Mshale hautafika hata sabini. Makosa ni yangu mara tatu: siku ya kupima, siku ya kumfukuza kwa mzaha, na leo asubuhi. La leo ndilo baya zaidi, kwa sababu nililifanya macho yakiwa wazi. Naona aibu. Sisemi haya ili nisamehewe.

Hayo ndiyo niliyoyatenda na niliyoyaficha. Nimesomewa, nimeyakubali, natia saini.

Saini ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya ofisa: Nimeyaandika maelezo haya kama yalivyosemwa. Mtoa maelezo ameonywa kuwa yanaweza kutumika dhidi yake, akasema ameelewa. Kwa ombi lake, mtuhumiwa ameletwa kutoka mahabusu na kusomewa maelezo yote mbele ya mtoa maelezo. Nilipomaliza kusoma, mtoa maelezo alisimama akamnyooshea mkono. Mtuhumiwa aliutazama mkono huo bila kuushika, kisha akaniomba nimrudishe mahabusu.