Anwani Mlizozishona kwa Uzi

Itauguá, Jumatano

Dada yangu Eusebia,

Natumaini barua hii itakukuta barazani kwa mwanao huko Encarnación, miguu imepumzika na mgongo umeacha kukusumbua. Sisi huku wazima, ila goti langu la kushoto, ambalo limeamua kuzeeka kabla yangu. Kuku wako nawalisha. Yule jogoo bado hanihesabu kuwa mtu.

Lakini nina hasira, dada. Tangu uondoke nagombana hata na chupa ya maji.

Nianze na tovuti ya ushirika, maana ndiyo iliyotufikisha hapa. Kila mfumaji alikuwa na ukurasa wake, na anwani yake iliishia kwa namba. Yako ni 214. Wewe ndiwe uliyewafundisha wenzako kuishona kwa uzi kwenye pindo la kila kitambaa cha lesi yetu ya ñandutí, ili mnunuzi amwone aliyekifuma. Kisha akaja Noelia, yule binti wa Asunción, akasema namba hazimwambii kitu msomaji wala mtambo wa kutafuta; anwani ibebe jina la mfumaji na kazi yake. Mkakubali wote. Kazi ikaangukia kwangu, msimamizi wa tovuti, cheo nilichopata kwa kuwa zamani hizo ni mimi tu niliyekuwa na kompyuta. Ukaniuliza: na zile zilizokwisha kushonwa? Nikakujibu kwamba zitampeleka mtu kwenye mpya, nimeshafanya hivyo. Nawe ukawaapia wenzako.

Maonyesho ya Buenos Aires yakatuumbua. Wanunuzi waliandika anwani zilizoshonwa, wakajibiwa kwamba ukurasa haupo, wakarudisha vitambaa wakidai ni vya kiwandani. Vidole vyenu vyote vile, vya kiwandani!

Mkutanoni, kikombe kimoja cha tereré, chai yetu ya baridi, kikizunguka, mfumaji mwenzako Ña Blásida akakutazama usoni.

“Eusebia, umetushonesha uongo kwa uzi mzuri.”

Hakuna aliyekutetea. Zamu yako ilipofika ukanywa, ukanirudishia kikombe, ukasema ahsante. Kwetu anayeshukuru amemaliza kunywa, lakini siku ile kila mtu alielewa kwamba umemaliza na sisi pia. Uenyekiti ukauacha pale pale kitini.

Hasira zangu zikaanza kwa Blásida. Nilimkuta sokoni nikamwambia ulimi wake unafaa kumenyea mihogo. Akanijibu kwamba angalau ulimi wake ukitafutwa unapatikana. Wauza mihogo bado wananicheka. Nikahamia kwa Noelia. Nilimtangaza mtaa mzima kwamba ndiye aliyetuharibia, na wiki iliyopita nikampigia simu, nikamfokea mpaka pumzi ikaniishia.

“Don Cirilo,” akasema taratibu, “ile karatasi niliyokuachia, uliisoma?”

Niliikuta chini ya chupa ya maji ya tereré, ina alama ya duara. Mstari wa kwanza unasema: kabla ya kuhifadhi mabadiliko, elekeza kila anwani ya zamani kwenye mpya yake. Pembeni nimeandika kwa mkono wangu: Tayari. Haikuwa tayari, dada. Sikujua inafanywaje, na niliona haya kumuuliza binti wa umri ule. Nikabonyeza kuhifadhi, nikaenda kula chipa, mkate wetu wa jibini.

Na kuna baya zaidi. Asubuhi ya mkutano niliandika 214 kwenye kompyuta yangu, nikaona kwa macho yangu kwamba hakuna kitu. Blásida alipokutukana, mimi ndiye niliyekuwa namimina maji. Nikaendelea kumimina.

Kumbe hasira yote hii ilikuwa inanitafuta mimi, ikikosea nyumba.

Noelia, Mungu ambariki, alinielekeza hatua kwa hatua, nami nilimwomba radhi kwanza. Juzi tulimaliza zote. Andika 214 hapo ulipo. Utafika kwenye jina lako. Jumapili nitasimama mbele ya wanawake wote niseme niliyokuandikia humu. Blásida atanichuna ngozi, na ana haki nayo.

Njoo, dada. Nitakuwa nimeshika maji. Nikikupa kikombe, kunywa, unirudishie. Ila nakusihi, usiniambie ahsante.

Wasalimie mwanao na wajukuu.

Mdogo wako mwenye goti,
Cirilo