Nilivyomwezekea Mwalimu Mkuu Darasa

Jumapili. Mvua ya kwanza imeanza tukiwa bado njiani kutoka kanisani, na baridi imeingia mpaka kwenye magodoro. Mwaka mwingine ningekuwa nacheka na kuimba. Leo sina hamu.

Nianze na lililo zuri, maana nalo ni kweli. Mwanangu Skolastika ndiye mwalimu mkuu wa shule yetu ya msingi. Mwanamke, tena kijana! Mimi masista walinifikisha darasa la nne tu, nikajua kusoma, kuandika na kufuma. Yeye amekwenda chuo cha ualimu akarudi na cheti na saa ya mkononi. Tangu tuhamishiwe kwenye kijiji hiki cha ujamaa, hakuna mama mwingine wa kusema maneno hayo. Nimeyasema kwenye mashine ya kusaga mpaka wamenichoka. Waendelee kunichoka.

Ila shule yenyewe ni mzigo. Serikali ilisema watoto wote waandikishwe, na kweli wamekuja wote, wengine wameshaanza kuota ndevu. Madarasa hayakuongezeka. Chaki Skola anaikata vipande vipande kama mtu anayegawa sukari msibani. Wilayani wakamwambia: wananchi wajenge kuta, bati zitaletwa. Tukajenga, kwa tofali mbichi, udongo tumeukanyaga kwa miguu yetu wenyewe. Bati hazikuja. Kila akienda Sumbawanga anaambiwa fungu limekwisha, arudi siku nyingine. Na ukuta wa tofali mbichi usio na paa, mvua ikiupiga unarudi kuwa udongo.

Basi Skola akaamua tuezeke kwa nyasi. Mwenyekiti wa kijiji akapiga mbiu: asiyekuja atatozwa faini. Walikuja wachache, wakaota jua, wakaondoka.

Nilijua sababu. Huku kwetu Ufipa kazi kubwa ina mwenyewe. Mwenye kazi anapita mlango kwa mlango, anaomba kwa mdomo wake, na ulezi wa pombe ameshauloweka. Watu hawafuati kulewa, jamani. Wanakuja kwa kuwa fulani kawaomba. Sasa shule mwenyewe nani? Mzee Ponsiano, fundi wetu wa kuezeka, alinijibu waziwazi: "Mama Skola, ile nyumba ni ya serikali. Serikali ilinipigia hodi lini?"

Nilimweleza Skola. Akasema, "Mama, shule yangu haitaezekwa kwa pombe. Naomba tuliache hilo." Alisema kwa upole, na mimi nikasikia upole tu.

Nikaloweka ulezi wangu.

Nikapita nyumba kwa nyumba. "Jumamosi nina kazi, njoo unisaidie." Nina kazi! Jana Skola akiwa mjini kufuatilia bati zilezile, walikuja hata wale waliokuwa wanadai kuumwa mgongo. Wanawake na mizigo ya nyasi kichwani, wanaume juu wanafunga fito, nyimbo zinasikika mpaka kwenye mashamba. Nilikuwa nimepanga pombe inywewe uani kwangu. Lakini Mzee Ponsiano akaita kutoka juu, "Mwenye kazi! Koo zimejaa vumbi huku! Au tushuke nalo hili paa tukufuate nyumbani?" Watu wakaangua kicheko. Nikacheka nao, nikaagiza mitungi iletwe. Kusema kweli nilijiona mkubwa sana. Mtungi mmoja niliuweka juu ya meza ya mwalimu, chini hapakuwa sawa.

Skola alishuka kwenye lori jioni, hana hata bati moja. Akasimama mlangoni mwa darasa. Akatazama paa, limeisha, zuri kabisa. Akatazama mtungi.

"Mwalimu!" Mzee Ponsiano akamkaribisha kwa furaha. "Karibu kwenye nyumba ya mama yako!"

Mzee wa watu alikuwa anatusifu. Skola akageuka, akaenda zake bila kunitazama.

Mwenyekiti naye alikuwa pale barabarani. Mbiu yake walikuwa wameidharau, na wito wangu wameuitikia. Alipanda lori lilelile likirudi mjini. Leo baada ya misa ametuletea ujumbe: kesho asubuhi mwalimu mkuu afike kwa afisa elimu. Pombe imenywewe darasani, na shule inaendeshwa na mama yake. Ndivyo alivyomshtaki kwa afisa huko.

Wanaweza kumvua ukuu. Wanaweza kumhamishia Wampembe huko ziwani, nikawa namwona Krismasi kwa Krismasi.

Mchana Skola alikuja. "Shikamoo mama," akaketi. Nikamwambia nitavaa kitenge changu kipya nifuatane naye. Nitamwambia afisa kwamba kazi ilikuwa yangu, pombe yangu, yeye hakujua lolote. Maneno ninayo, na ofisi hazinitishi.

Akaniacha nimalize. "Mama, ukisema kazi ilikuwa yako, mimi nilikuwa mkuu wa nini?"

Kitenge nilichokuwa nimekitoa nikakirudisha sandukuni. Mimi!

Nikamuuliza atajibu nini huko. Akasema, "Nitasema darasa langu limeezekwa, na pombe imenywewe shuleni kwangu. Yote mawili ni yangu." Kisha akajifunika kanga yangu kichwani, akatoka kwenye mvua kwenda kulikagua darasa kama linavuja.

Halivuji. Nililitazama pia, nikiwa mlangoni, alipokwisha kuondoka.

Nimeandika hapa nikitumaini nitapata neno moja zuri la kumwambia afisa, ambalo halitamdogosha mwanangu. Sijalipata. Kila ninaloanza linaanzia kwangu.

Kesho nitabaki nyumbani. Lori likipita nitakuwa ndani, mlango nimeufunga, maana nikiliona tu nitalipanda.