Siku Shaibu Alipozima Gari Njiani

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi ya Kondoa? Na Bibi, bado anakataa kuvaa soksi? Mimi mwili hauna neno, alhamdulillahi. Joto la huku Kilwa nimelizoea, muhogo nao nimeuzoea, ingawa ugali wa mtama wa kwetu naukumbuka kila nikikaa kula.

Nimesikia Mjomba Idi alikuambia kwamba gari letu la wagonjwa limepata ajali nami nikiwa ndani. Ndiyo sababu nakuandikia. Simu huku inakatikakatika, na jambo lenyewe si la kusema nusunusu. Haikuwa ajali, Mama. Ajali ningekueleza kwa maneno mawili ukanielewa. Hili hata mimi niliyekuwepo bado halijaniingia vizuri akilini.

Shaibu ni dereva wetu hapa kituo cha afya. Ni mtu wa makamo, mwenyeji wa hukuhuku, na ndiye aliyenipokea nilipofika, mgeni nisiyejua hata njia ya kisimani. Alinifundisha salamu za Kimatumbi, kumbe nyingine alizitunga tu ili wazee wanicheke. Akiingia mahali, watu huanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo.

Wakati wa masika alimpeleka hospitali mama mmoja aliyekuwa akivuja damu baada ya kujifungua. Mimi sikuwamo, alikwenda na muuguzi mwenzangu, Joyce. Kijiji chetu kipo ndani sana, ukifika Likawage bado una safari, na mvua ikinyesha njia yote ni tope. Gari likazama. Shaibu alichimba kwa jembe, kisha kwa mikono, na yule mama anamwita kutoka ndani, "Dereva, twende. Dereva, nakuomba twende." Akakata roho palepale, gari halijatoka.

Joyce aliporudi, wakubwa walikuja kumpa pole, akapewa wiki nzima akapumzike kwao. Ilikuwa haki yake. Shaibu alipewa ndoo na sabuni aoshe gari, na alasiri ileile akapeleka chanjo kijiji cha jirani. Hakuna aliyeona ajabu. Kesho yake alitutania kama kawaida, nasi tukacheka.

Sasa miezi miwili iliyopita tulikuwa tunampeleka Bi Fatu, mkulima wa hapa, aliyeteleza mtoni akavunjika mguu. Nyuma tulikuwa mimi, yeye, na mumewe, Bwana Abdala. Njia imekauka, jua linawaka, gari linakwenda vizuri. Mara Shaibu akapunguza mwendo, akasimama, akazima gari. Akateremka, akaingia kwenye majani marefu pembeni. Nikadhani anajisaidia. Tukangoja, tukangoja. Bi Fatu akaniambia, "Nesi, hebu kamtazame."

Nilimkuta amechuchumaa, amejiziba masikio kwa mikono yote miwili, shati limelowa jasho, meno yanagongana kama mwenye homa. Nilimwita, hakugeuka. Nilipomgusa bega aliruka kama aliyeguswa na moto.

"Bado ananiita," akasema.

"Nani, kaka Shaibu?"

"Yule mama. Kila nikifika hapa. Nikienda ananiita, nikirudi ananiita. Leo kaniita kwa jina langu."

Nimesoma uuguzi, nimeona watu wakifa, lakini hili sikufundishwa. Huyu ndiye aliyeniuliza asubuhi ile kama nimeshapata mchumba wa Kimatumbi. Nikarudi barabarani kutafuta msaada.

Ikatokea pikapu ya wanunuzi wa ufuta, ikakubali kutubeba. Mgonjwa siwezi kumwacha, na Shaibu naye siwezi kumwacha peke yake porini katika hali ile. Bi Fatu akasema, "Mguu wangu umeshavunjika, hautavunjika zaidi. Shughulika naye kwanza." Lakini mumewe alikuwa ameshateremka.

"Nesi, nenda na mke wangu," akasema. "Mimi nitakaa na huyu."

Akaenda akaketi majanini karibu na Shaibu. Hakumuuliza kitu. Nilipogeuka kutazama, alikuwa anamkingia jua kwa kofia yake.

Gari lingine lilipotumwa kuwachukua liliwakuta wote wawili palepale. Maneno yalikuwa yameshatangulia: Shaibu alikuwa amelewa, Shaibu ana mapepo, Shaibu amemtupa mgonjwa njiani. Mkubwa mmoja wa usafiri kutoka wilayani akaja kituoni, akatuita wote, akasema dereva wa namna hiyo afukuzwe kazi. Shaibu alikuwa amekaa mwisho wa benchi, anatazama viatu vyake.

Mganga wetu mfawidhi, yaani mkuu wa kituo, Daktari Mwanaidi, akasimama. Si mtu wa maneno mengi. Akasema, "Joyce nilimpa wiki ya kupumzika. Huyu nilimpa ndoo. Kama kuna wa kuandikiwa barua, anzeni na mimi." Nilishtuka, Mama. Sijawahi kusikia mkubwa akisema hivyo mbele ya watu anaowaongoza. Yule bwana alikunja makaratasi yake, hakurudia neno la kufukuza.

Shaibu alipelekwa kwa mtaalamu wa magonjwa ya akili. Akaambiwa huu ni ugonjwa na unatibika, akapewa dawa na siku za kwenda kuzungumza naye. Amerudi kazini. Njia ile bado anaipita dereva mwingine, yeye anazunguka vijiji vya huku. Hajawa yule wa zamani. Utani anatoa, ila siku hizi akinyamaza tunamuuliza.

Daktari ameweka utaratibu kwamba likitokea jambo zito, kesho yake tunakaa wote kwa chai kabla ya kazi, kila mtu aseme limemkaa vipi moyoni, dereva, mlinzi, wote. Kikao cha kwanza tulikuwa tunakoroga chai tu. Kisha Shaibu akamgeukia Bi Somoe, mama mtu mzima anayefanya usafi, ambaye amekuwa hapa tangu kituo kilipofunguliwa.

"Bi Somoe," akasema, "siku ile mimi niliosha gari. Shuka ulizifua wewe. Unalala?"

Bi Somoe akaweka kikombe chini.

"Mwanangu," akasema, "huyo wa mwaka huu bado sijamfikia. Mimi usiku ningali na wale wa zamani waliotufia."

Daktari akainuka, akasogeza kiti chake akakaa karibu naye, akamwambia aanze na wa kwanza. Wagonjwa walibisha hodi, tukawaomba watusubiri kidogo.

Mpe Bibi shikamoo yangu. Msalimie Shangazi anayekusaidia shambani, na mdogo wangu Halima umwambie asome. Mjomba Idi naye msalimie, umwambie nimefika salama na mgonjwa amepona. Nawaombea nyote usingizi mwema.

Mwanao akupendaye,
Rehema